Chai ya asubuhi na kahawa ya Masasi na Newala

Mjini Masasi, chakula kizuri cha asubuhi hakitafutwi hotelini. Nyumba za wageni huandaa chupa ya chai, mkate uliopakwa siagi, yai la kukaanga na kopo la kahawa ya unga mezani, tena aghalabu baada ya mabasi ya kwanza kuondoka. Vitu vya moto viko nje: stendi, sokoni na barabara ya kuelekea Hospitali ya Mkomaindo. Wateja wa sehemu hizo tatu huamka mapema na hawana jiko karibu. Kuna abiria wa Mtwara, Tunduru au Newala, wachuuzi wanaopanga bidhaa, na ndugu waliolala na wagonjwa wodini. Mama lishe anayewategemea hana budi kuwasha moto kukiwa bado giza, na wateja wakiwa wengi, chakula kinaisha kabla hakijapoa. Kwa hiyo ubora wa asubuhi hupimwa kwanza kwa kasi ya mauzo. Banda lenye foleni saa kumi na mbili lina chapati mpya. Banda tulivu lina chapati ileile, ila imepashwa.

Kitumbua ndicho kipimo kizuri kuliko vyote, kwa kuwa makosa yake hayafichiki. Mchele hulowekwa usiku, ukasagwa pamoja na tui la nazi, sukari, iliki na hamira, kisha rojo likaachwa liumuke. Alfajiri humiminwa kwenye kikaango chenye mashimo ya duara, kila shimo likiwa na mafuta kidogo yaliyokwisha kupata moto. Pembezoni pakianza kukauka, mpishi huingiza ncha ya mshikaki wa chuma chini ya kitumbua na kukipindua kwa mkupuo mmoja. Rojo lililoumuka vya kutosha hutoa kitumbua chenye vishimo ndani na ukingo unaokatika. Lililoharakishwa hutoa kitumbua kizito, na lililopitiliza huacha uchachu ambao sukari haiufuniki. Mafuta yakiwa hayajapata moto, kitumbua huyanywa, na karatasi ya kufungia hulowa papo hapo. Mteja hana haja ya kuonja. Atazame karatasi ya aliyemtangulia.

Chapati nayo huamuliwa kabla ya moto. Donge hukandwa, likapumzishwa, likasukumwa, likapakwa mafuta, likaviringishwa mithili ya konokono na kusukumwa tena. Duru hizo ndizo zinazozaa matabaka. Mpishi mwenye haraka huruka mapumziko, naye chapati yake hurudi nyuma kila inaposukumwa, ikatoka nene na ngumu. Kwenye vibanda vya supu kasoro hiyo husameheka, kwani chapati huchanwa na kuchovywa. Supu ya mbuzi, ya ng'ombe au makongoro huchemka kwa saa nyingi hadi mifupa iachie utomvu wake, kisha hupewa ndimu, chumvi na pilipili kwenye bakuli la mlaji mwenyewe. Ni chakula cha mapema. Kufikia saa nne, sufuria iliyobaki huwa imeongezwa maji.

Kinachoitenganisha asubuhi ya kusini na ile ya Dar es Salaam ni mazao. Mihogo ya kuchemsha, mbaazi za nazi zinazoliwa na maandazi, njugu mawe na, katika miezi ya kiangazi, ming'oko. Hivi ni viazi vya porini, vyembamba na virefu, vinavyochimbwa vichakani Mtwara na Lindi. Huchemshwa na maganda, vikauzwa kwa mafungu, na mlaji humenya kwa vidole na kuchovya kwenye chumvi na pilipili. Nyama yake ni laini, na huenda vizuri zaidi na chai ya rangi kuliko ya maziwa. Nyumba za wageni haziweki ming'oko mezani, na hasara ni ya wageni.

Mfuko wa mlaji pia una msimu. Korosho huvunwa kuanzia mwishoni mwa kiangazi, na tangu mfumo wa stakabadhi ghalani uanze mwaka 2007, mkulima hupeleka mzigo kwenye chama cha msingi, ukauzwa mnadani kupitia vyama vikuu, MAMCU kwa upande wa Masasi na TANECU kwa Newala na Tandahimba. Malipo huja kwa mkupuo. Miezi ya minada ni miezi ya supu. Ukifika wakati wa palizi, mihogo na uji hutawala. Korosho yenyewe ni nadra kwenye sahani ya asubuhi, kwa sababu sehemu kubwa husafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Karanga ndiyo inayobaki nyumbani, nayo ndiyo inayotengeneza kashata.

Kashata huenda na kahawa. Uwanda wa Makonde si nchi ya mibuni; buni iliyo karibu ni arabika ya Mbinga, mkoani Ruvuma, na barabara ya lami ya Songea, Tunduru na Masasi, iliyokamilishwa miaka ya 2010, imeifupisha sana safari yake. Njia ya pili ni kopo la Africafe kutoka kiwanda cha TANICA cha Bukoba, linalopatikana karibu kila duka. Kopo lina faida ya haraka. Kahawa ya kibarazani ni kazi nyingine kabisa.

Muuzaji makini hukaanga buni mwenyewe kwenye kikaango kikavu, akikoroga bila kupumzika hadi zigeuke nyeusi na kuanza kung'aa kwa mafuta yake. Hupozwa, zikatwangwa kinuni na kuchekechwa. Unga ulionunuliwa ukiwa tayari umesagwa ni rahisi kuchanganywa na nafaka iliyounguzwa, na macho hayawezi kubaini. Pua inaweza, maana mahindi yaliyoungua hunuka moshi mtupu. Unga hutiwa kwenye dele, yaani birika la kahawa, pamoja na maji na tangawizi iliyopondwa, likawekwa juu ya makaa. Likishachemka, makaa hupunguzwa ili kahawa itulie bila kupoa, machicha yashuke chini. Hapa ndipo wengi huharibu. Dele likitikiswa, au moto ukichochewa kwa pupa mteja anapokaribia, machicha hupanda na kikombe huwa tope. Mzoefu hulilaza dele polepole, akamimina kwa mkondo mwembamba na kuacha sehemu ya mwisho ndani. Sukari haitiwi, utamu hutoka kwenye kashata, inayong'atwa kabla ya funda.

Kwa spreso yao, Waitaliano walifika kwenye kikombe kidogo kilekile kwa njia iliyo kinyume. Angelo Moriondo alisajili mashine yake ya kahawa mjini Torino mwaka 1884, Luigi Bezzera wa Milano akaiboresha mwanzoni mwa karne ya 20, na Achille Gaggia akaleta shinikizo kubwa lililozaa povu la rangi ya dhahabu. Leo maji husukumwa kwa takriban baa 9 kupita kwenye unga kwa nusu dakika hivi, na mteja hunywa amesimama kaunta, akaondoka. Kinachofanywa kule na shinikizo, kibarazani hufanywa na muda. Muda mrefu hutoa uchungu ambao mashine huukwepa, ndiyo maana tangawizi na kashata si mapambo bali ni sehemu ya hesabu. Pia muda hubadili wateja: dele halina haraka, kwa hiyo benchi hujaa wazee waliotoka kuswali alfajiri, na habari za mnada husikika pale kabla hazijafika redioni. Italia, kwa upande wake, ni miongoni mwa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Tanzania, na robusta ya aina inayolimwa Kagera huchanganywa kwenye spreso nyingi ili povu lishike.

Ukipanda Newala, kigezo hubadilika na kuwa maji. Uwanda wa Makonde una udongo wa kichanga unaomeza mvua, na chemchemi ziko mabondeni, mamia ya mita chini. Karl Weule, Mjerumani aliyefika mwaka 1906, alishangazwa na watu walioishi juu na kuyafuata maji chini kwa miguu. Mradi wa maji wa Makonde wa miaka ya 1950 ulianza kuyapandisha kwa pampu, na msaada wa Ufini kuanzia miaka ya 1970 uliongeza visima na mabomba mkoani, lakini nyumba nyingi bado zina kisima cha saruji uani kinachopokea maji ya paa. Kwa chai, hilo ni bahati. Maji ya mvua hayana ladha ya chumvi ya visima vingi vya pwani, hivyo majani hutoa rangi safi na kahawa haipati ukakasi wa ziada.

Bahati hiyo ina mwisho wake. Supu hula maji, kuosha vikombe hula maji, na kisima cha uani hakijazwi tena hadi mvua zirudi kuelekea Desemba. Kwenye baridi ya Juni na Julai, upepo wa ukingo wa uwanda, pale Shimo la Mungu, unapowafukuza watu barabarani, vibanda karibu vyote vya Newala huweza kutoa chai nzuri. Kuanzia Septemba tofauti hujitokeza: wanaonunua maji kwa ndoo hupunguza supu, husuuza vikombe ndani ya beseni moja na kuchelewa kufungua. Wakati huo banda la kuchagua ni lile lenye kisima chake au lililo jirani na bomba linalotoka, na ni vyema kufika kabla ya saa mbili.