Sauti Tatu Ndani ya Golf GTI Moja

Matangazo ya kuuza Golf GTI ya kizazi cha tano, yawe yamebandikwa kwenye kioo cha gari kando ya barabara au yanazungushwa na madalali kwenye simu, yana lugha inayofanana. Gari limetunzwa. Limefanyiwa sevisi zote. Injini haijaguswa. Bei maelewano. Mhakiki akiitazama lugha hiyo ataona jambo moja la kifani kabla hajafika kwenye bei: vitenzi karibu vyote viko katika kauli ya kutendwa, na mtendaji hatajwi. Limetunzwa na nani? Sevisi ilifanyika gereji gani, likiwa na kilomita ngapi, kwa oili ipi? Tangazo la namna hiyo halihitaji kusema uongo, kwa kuwa sarufi yake imeshafuta nafasi ambamo ukweli ungeulizwa.

Picha nazo zina mtindo wake. Gari hupigwa kwa pembe ya mbele, taa moja ikiwa karibu na kamera, rimu zikionekana, na mara nyingi bodi bado ina maji ya kuoshwa. Maji huficha mikwaruzo na hufanya rangi mbili zinazopishana kidogo zionekane kuwa moja. Sakafu ya buti haimo, na uvungu haumo.

Hoja ya uhakiki huu ni kwamba gari la mbio lenye umri lina sauti tatu: ya muuzaji, ya mkaguzi wa mnada kule Japani lilikotoka, na ya chuma chenyewe. Ukiisikiliza sauti moja peke yake, iwe ya kusifu au ya kulaumu, haitakufikisha mbali. Ubovu unaotia hasara hujitokeza pale sauti hizo zinapopingana, na kazi ya mnunuzi ni kuutafuta mgongano huo kabla ya kutoa hela.

Tuanze na kile kinachouza. Golf GTI ya kwanza ilioneshwa Frankfurt mwaka 1975 na kuingia sokoni 1976, ikiwa na injini ya lita 1.6 na nguvu za farasi 110. Volkswagen ilipanga kutengeneza magari 5,000 tu. Kizazi hicho cha kwanza kikaishia kupita 400,000. Umbo lilikuwa lile lile ambalo mbunifu Giorgetto Giugiaro aliichorea Golf ya familia ya kawaida. Kilichoitenga GTI kwa macho kilikuwa vitu vidogo: mstari mwekundu kuzunguka grili, kitambaa cha viti chenye miraba, na kifundo cha gia cha mfano wa mpira wa gofu. Kitambaa na kifundo vilibuniwa na Gunhild Liljequist, mbunifu wa Volkswagen. Kizazi cha tano, kilichotoka mwishoni mwa 2004, kiliurudisha mstari mwekundu na miraba, safari hii juu ya injini ya lita 2 yenye turbo na nguvu za farasi 200.

Ndiyo fani ya gari hili tangu mwanzo: mwili wa kubebea watoto na mizigo ya sokoni, umewekewa injini ya kukimbia, na tofauti ikatangazwa kwa alama chache. Alama hizo zina udhaifu mmoja. Zote hufungwa kwa skrubu au kunasishwa kwa vibanio, na zote hununulika dukani. Golf ya kawaida inaweza kuvishwa grili, nembo na rimu za GTI kwa siku moja. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa gari hili methali hukwama, kwa sababu mstari mwekundu hukifanya hata kibaya kijiuze.

Kwa hiyo usomaji uanzie buti. Inua zulia la sakafu penye tairi la akiba utafute karatasi ndogo iliyobandikwa na kiwanda. Hiyo ni sauti ya gari lenyewe, na inasema kwa ufupi mkubwa: namba ya chesisi, aina ya injini, aina ya gia boksi, namba ya rangi, na orodha ya vifaa ambavyo gari lilizaliwa navyo. Kwa GTI za kawaida za kizazi hiki zilizouzwa Japani, injini iwe AXX au BWA, na herufi hizo huonekana pia kwenye msimbo wa modeli katika hati za Kijapani, mfano 1KAXX. Linganisha namba ya chesisi na ile iliyo chini ya kioo cha mbele, kisha na ile ya kwenye kadi ya gari. Tofauti ya tarakimu moja inamaliza mazungumzo. Karatasi ikiwa imebanduliwa, uliza sehemu ya nyuma ilipatwa na nini. Namba ya rangi ikitaja nyeusi nawe umesimama mbele ya gari jekundu, umeshapata mgongano wa kwanza.

Sauti ya pili ni karatasi ya mnada. Wanunuzi wengi wa Afrika Mashariki huijua kwa alama yake moja tu, daraja la gari: 4, 3.5, au R. Kuisoma hivyo ni kusoma jina la kitabu na kudai umemaliza kitabu. Karatasi ina sehemu mbili zilizoandikwa na watu wenye nia tofauti. Upo upande wa muuzaji wa Kijapani, anakotaja mambo mazuri: viti vya ngozi, sunirufu, mmiliki mmoja. Upo upande wa mkaguzi wa nyumba ya mnada, anakoandika kasoro kwa mkono, haraka, bila kivumishi. Anayekutafsiria karatasi hiyo huko yadi aulizwe swali moja: sentensi hii iko upande gani?

Katikati au pembeni pana mchoro wa gari lililokunjuliwa, paa likiwa wazi na ubavu umelazwa kulia na kushoto. Juu yake kumetawanywa herufi na tarakimu. A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni wimbi linalobaki baada ya kunyoosha bodi na kupiga rangi, S ni kutu, C ni kutu iliyokwisha kula chuma. Tarakimu hupima ukubwa: A1 ni mkwaruzo mdogo, A3 ni mkubwa. X ni kipande kinachohitaji kubadilishwa, XX ni kilichokwisha kubadilishwa. Usizihesabu tu, tazama zilivyopangwa. A1 zilizosambaa gari zima ni maisha ya kawaida ya maegesho ya mjini. W mbili kwenye milango ya upande mmoja, pamoja na XX kwenye bawa la mbele la upande huo huo, ni simulizi la kugongwa ubavuni, hata kama daraja bado ni 4.

Hilo linawezekana kwa sababu ya kanuni ya kifani iliyomo kwenye karatasi. Daraja la R hutolewa pale mifupa ya gari ilipotengenezwa au kubadilishwa: nguzo, sakafu, chesisi za mbele na nyuma. Boneti, mlango na bawa la mbele hufungwa kwa boliti, hivyo kuvibadilisha hakulifanyi gari liitwe la ajali. Karatasi isiyo na R inasema mifupa haijaguswa. Haijasema kwamba gari halijawahi kugongwa.

Karatasi hii ina ukimya mwingine. Mkaguzi hulitazama gari likiwa limesimama, kwa muda mfupi, wala haliendeshi barabarani. Kwa Golf ya familia ukimya huo unavumilika. Kwa GTI ni pengo kubwa, maana kinachogharimu fedha katika gari hili huonekana likiwa na moto na likiwa linavuta.

Tarehe nazo zisomwe kwa kalenda ya Kijapani. Mwaka wa Heisei hugeuzwa kwa kuongeza 1988, hivyo H18 ni 2006, tena ni mwaka wa usajili wa kwanza. Gari linaweza kuwa lilitoka kiwandani mwaka uliotangulia. Kilomita za kwenye karatasi zilinganishwe na zile za kwenye cheti cha kulitoa gari Japani, kisha na mita ya dashibodi. Tarakimu zikishuka mahali popote katika mfuatano huo, mita imerudishwa, na baada ya hapo hakuna kilomita ya kuaminiwa.

Umri wa karatasi nao ni sehemu ya maana yake. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, kwa hiyo kila Golf ya kizazi hiki iliyopo Nairobi imeishi huko miaka mingi. Tanzania hupokea magari makuukuu zaidi, ingawa kwa kutoza ushuru wa uchakavu. Kwa vyovyote, gari lililokwisha kukaa hapa Afrika Mashariki lina sura nzima ambayo mkaguzi wa Kijapani hakuiona: matuta, vumbi, mafuta ya vituo mbalimbali, na mafundi waliojifunzia juu yake. Daraja la 4.5 la mwaka 2012 linalihusu gari lilivyokuwa 2012.

Ndipo tunapogeukia chuma. Vioo vya gari vina alama za kiwanda na mwaka. Vyote vitokane na kipindi kimoja. Mikanda ya usalama ina lebo za tarehe. Matairi yana tarakimu nne ubavuni, mbili za wiki na mbili za mwaka. Kioo kimoja cha mlango kilichozaliwa miaka mitano baada ya wenzake kinauliza swali, na mkanda wa dereva uliobadilishwa unauliza kubwa zaidi, kwa sababu mikanda hubadilishwa pia baada ya mifuko ya hewa kupasuka. Pitisha macho kwenye nafasi kati ya boneti na mabawa: ziwe na upana mmoja kutoka mbele hadi nyuma. Ukikuta matairi manne ya majina manne, umekutana na mmiliki aliyenunua farasi 200 kwa bajeti ya farasi 75.

Injini isikilizwe ikiwa ya baridi. Mwambie muuzaji mapema asiliwashe gari kabla hujafika, kisha shika boneti. Ikiwa ya moto, ameshakunyima ushahidi muhimu. Injini hii hudunga petroli moja kwa moja ndani ya silinda, na matatizo yake mengi yanatokana na mtindo huo. Petroli haipiti juu ya valvu za kuingiza hewa, kwa hiyo haizisafishi. Masizi hujijenga, na gari huanza kutetemeka likiwa halijapata moto. Pampu ya petroli yenye shinikizo kubwa husukumwa na kemshafti kupitia kikombe kidogo cha chuma. Kikombe hicho huliwa. Kikitoboka, pampu na kemshafti husagana, na vumbi la chuma huingia kwenye oili. Kukikagua ni kazi ya boliti tatu za pampu, kwa hiyo fundi anayedai haiwezekani siku ya ukaguzi ana sababu nyingine.

Mkanda wa taimingi ni hoja ya hati tupu: haukaguliki vizuri kwa macho, na ukikatika valvu hukutana na pistoni. Pasipo risiti yenye tarehe na kilomita, hesabu kwamba haujawahi kubadilishwa, uuingize kwenye bei. Koili za plagi na mpira wa valvu ya kupunguza shinikizo la turbo ni vitu vinavyokufa mara kwa mara na kubadilishwa bila kilio. Muuzaji anayekiri kubadilisha koili anaongeza imani, kwa kuwa kauli yake hatimaye imepata mtendaji.

Gia boksi ya DSG yenye gia sita ina klachi mbili zinazoogelea kwenye oili, na oili hiyo pamoja na filta yake hubadilishwa kila kilomita 60,000. Liendeshe gari polepole kwenye foleni, gia ya kwanza kwenda ya pili, kisha rivasi, kisha kilima. Mtikisiko, kuchelewa kushika au kishindo cha rivasi ni ishara ya klachi au ya kitengo cha valvu na kompyuta kinachoiongoza, na bei ya kukitengeneza inaweza kuwa sehemu kubwa ya bei ya gari zima. Hapa usikubali maneno: risiti ya oili ya DSG, au punguzo.

Bado kuna mkono mwingine ndani ya matini hii: wa kijana aliyelimiliki kabla. Gari la namna hii huvutia wanaotaka kuliandika upya. Springi fupi, bomba la moshi lililofunguliwa, filta wazi ya hewa, kompyuta ya injini iliyoprogramiwa upya. Nyongeza hizi si dhambi zenyewe, ila zisomwe kwa uwiano. Nguvu iliyoongezwa pamoja na breki nzuri, matairi sahihi na rekodi za oili ni kazi ya mtu aliyejua alichokuwa anafanya. Nguvu iliyoongezwa juu ya diski za breki zilizokonda na shokapu zinazovuja ni kazi ya mtu aliyependa kelele. Fundi mwenye kompyuta inayosoma magari ya Volkswagen ataona hitilafu zilizohifadhiwa. Akikuta kumbukumbu zote zimefutwa asubuhi hiyo hiyo, huo nao ni ushahidi.

Hukumu ifuate aina ya mgongano. Inayohusu umri isameheke na ikatwe kwenye bei: mkanda wa taimingi usio na risiti, masizi, koili, bushi, rangi iliyofifia. Inayohusu nguvu ipimwe kwa gharama ya fundi kabla ya kulipa hata shilingi ya kishika nafasi: DSG, kikombe cha pampu, turbo. Inayohusu utambulisho haina bei: namba ya chesisi isiyolingana, mita iliyorudishwa, mifupa iliyotengenezwa ambayo muuzaji hakuitaja hadi ulipoiona mwenyewe. Anayekuficha hilo la mwisho ameshakuambia jinsi alivyolitunza gari, na GTI nyingine itapatikana.