Kipunji: Jina na Tafsiri Yake

Mfasiri anayemwita kipunji "mangabi wa nyanda za juu" anafuata uainishaji uliokwisha kubadilika. Mwaka 2005 wanasayansi walimweka katika jenasi ya Lophocebus. Mwaka 2006, uchunguzi wa mwili na chembe za urithi ulipoonyesha kuwa ana udugu wa karibu zaidi na nyani, aliundiwa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Jina la Kinyakyusa halikuhitaji kusahihishwa.

"Tumbili" nalo halifai. Kipunji huishi Rungwe na Kitulo, hifadhi inayoingia Mkoa wa Njombe, na pia Ndundulu, ng'ambo ya Pengo la Makambako. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2008 yalitaja 1,117 tu. Tangazo la ofisi likisema "tumbili", mkulima wa mahindi atamchanganya na wale waliojaa kila mahali, wala hatatambua kwamba aliyemtegea mtego ni mmoja wa wachache waliosalia.

Basi na tuandike: kipunji huyu, vipunji hawa. Istilahi iliyomo tayari vinywani mwa wenyeji haina haja ya kubuniwa upya.