Mtoto wa Rongai na Mtoto wa Kizuka

Filamu hii tuliitazama kwa jirani, hapa Kizuka, usiku mmoja wa mbalamwezi ambapo wavuvi wa ndagala hawakuingia ziwani. Mwalimu mmoja aliileta kwenye flashi kutoka Bujumbura. Tulikuwa watu kumi na wawili mbele ya kompyuta moja, maandishi ya Kifaransa chini ya picha, na mimi natafsiri. Lakini kuna sehemu sikuhitajika kabisa, maana wazungu wale walikuwa wanaongea Kiswahili. Mama mkwe wangu akacheka: "Kumbe na hawa walikuwa wakimbizi?" Ndiyo, mama, walikuwa.

Jina lake ni Nirgendwo in Afrika, yaani "Pasipojulikana Afrika". Iliongozwa na Mjerumani Caroline Link mwaka 2001, na mwaka 2003 ikapata Oscar ya filamu bora ya lugha ya kigeni. Imetoka kwenye riwaya ya Stefanie Zweig ya mwaka 1995, na riwaya hiyo ni maisha yake mwenyewe. Zweig alizaliwa 1932 katika familia ya Kiyahudi. Mwaka 1938 wazazi wake walimkimbizia Kenya, na 1947 wakamrudisha Ujerumani. Huko akawa mwandishi wa habari Frankfurt, akaandika na vitabu vya watoto. Mwaka 1980 alitoa kitabu cha vijana kuhusu Kenya ya utoto wake, Ein Mundvoll Erde. Mimi ningekiita "Tonge la Udongo". Hesabu wewe mwenyewe: tangu kuondoka Kenya hadi kitabu hicho ni miaka 33. Wanaotuuliza kwa nini hatujaandika yetu bado, wangoje kidogo.

Katika filamu mtoto huyo anaitwa Regina. Baba yake, Walter, ni wakili aliyetangulia Kenya akawa msimamizi wa shamba la watu huko Rongai. Anaugua malaria, na mpishi wake Owuor anamuuguza. Walter anampa Owuor joho lake la uwakili, kwa kuwa porini halina kazi. Anamwandikia mke wake, Jettel, alete friji. Jettel anakuja na gauni la sherehe.

Hapo kibanda kizima kilicheka, isipokuwa mke wangu. Mwaka 2015, tulipokimbia kuelekea Kagunga, mimi nilibeba funguo za nyumba. Niliporudi 2018 kutoka Nduta, mlango wenyewe haukuwepo. Sasa kati ya gauni na funguo, mjinga ni nani? Link hamcheki Jettel, na hilo nampongeza. Anajua kwamba mtu akikimbia hafungashi vitu, anafungasha maisha anayodhani yataendelea.

Sehemu nyingine iliyotuuma ni ya mwaka 1939. Vita vinaanza, Waingereza wanaikamata familia hii kama maadui, kwa sababu karatasi zao ni za Ujerumani, Ujerumani ileile iliyowafukuza. Wanawake na watoto wanawekwa hotelini Nairobi. Ndugu zangu mlioko kambini, hapo hakuna haja ya mimi kueleza. Karatasi inasema wewe ni wa fulani, hata kama huyo fulani ndiye unayemkimbia.

Basi nisifu tu? Hapana. Nina ugomvi na filamu hii, na unaanzia kwenye jina. Rongai si pasipojulikana. Ol Joro Orok, walikohamia baadaye, si pasipojulikana. Kuna watu walizaliwa pale, wakazika wazazi wao pale. Mgeni akipotea, haina maana kwamba mahali pamepotea. Hata hapa kwetu, kati ya ziwa na michikichi, nimesikia wageni wakituita "eneo la mapokezi". Jamani, hapa ni Kizuka.

Ugomvi wa pili ni Owuor. Sidede Onyulo amemcheza vizuri mno, kwa utulivu na heshima. Lakini filamu inachukua zaidi ya saa mbili, na mimi sikumwona Owuor akiwa kwake. Tunajua anavyowapenda hawa wazungu; hatujui wanaomngoja yeye. Mtu atasema: hii ni kumbukumbu ya mtoto, na mtoto hamuulizi mpishi analala wapi. Sawa. Lakini Link hakubaki kwenye macho ya mtoto. Ameingia chumbani kwa wazazi, ndoa yao ameiweka katikati ya hadithi. Kama kamera iliweza kuingia huko, ingeweza kutembea hatua chache hadi kwa Owuor. Mkimbizi mwenye mpishi bado ni bwana, na filamu inalijua hilo bila kuthubutu kulisema kwa sauti.

Pamoja na hayo, naomba muitazame, hasa ninyi wafanyakazi wa mashirika. Sababu ni nusu saa ya mwisho. Vita vimekwisha, Walter amepata kazi ya ujaji Ujerumani, anataka kurudi. Jettel, aliyekuja na gauni, sasa ndiye hataki kuondoka. Amekwisha jifunza kulima na kuishi. Regina naye nyumbani kwake ni Kenya, hana nyingine. Na filamu haisemi nani ana haki! Fomu zenu zina mstari mmoja wa kurudi, na sahihi moja ya mkuu wa kaya. Familia moja ina majibu matatu.

Nasema hivi nikiwa na deni. Mwaka 2018 niliweka sahihi peke yangu. Mke wangu alikuwa na genge lake la nyanya kule Nduta, akasema tusubiri. Binti yetu alikuwa darasa la pili. Mimi nilitaka michikichi ya marehemu baba. Nilikuta mwingine anaivuna, na kesi mpaka leo haijaisha. Binti naye shuleni wanamwita "Mtanzania", kwa sababu ya Kirundi chake.

Karibu na mwisho, treni imesimama, mwanamke Mwafrika anamwuzia Jettel ndizi dirishani. Jettel anamwambia hana pesa. Yule mama anampa hivyohivyo. Mke wangu alisema polepole, "Huyo ndiye aliyetakiwa kutengenezewa filamu." Sijapata uhakiki mzuri kuliko huo.

Binti yangu yeye aliuliza: "Baba, Regina alipokuwa mkubwa, alipata kwao?" Nikamwambia kwamba mwaka 2012, miaka miwili kabla hajafa, mwandishi yule alitoa kitabu cha maisha yake, na jina lake maana yake ni "Hakuna palipokuwa nyumbani". Akanyamaza. Kisha akasema, "Lakini aliandika." Kesho yake aliniomba daftari. Nilimnunulia la kurasa 96 sokoni Rumonge, na sijamuuliza anaandika kwa lugha gani.