Handaki Lisilomlinda Mwenyewe

Mwaka 1418 Charles, mrithi wa kiti cha ufalme wa Ufaransa, alitukanwa na askari wa Burgundy waliokuwa katika ngome ya Azay, kando ya mto Indre. Akaiteka ngome, akawaua askari 350 pamoja na kapteni wao, na mji akautia moto. Miaka 100 baadaye, papo hapo, Gilles Berthelot, mweka hazina wa Mfalme François wa Kwanza, alianza kujenga kasri la Azay-le-Rideau. Aliyesimamia kazi hasa ni mkewe, Philippa Lesbahy.

Kasri hili limejivika silaha zisizopigana. Lina vijinara pembeni, na chini ya paa lina ule ushoroba wa matundu ambao zamani walinzi waliutumia kuwavurumishia adui mawe. Hapa ni urembo mtupu, kwani chini yake yamepasuliwa madirisha mapana ambayo ngome yoyote ingeyaogopa. Maji nayo yamelizunguka ili lijitazame.

Lenye thamani ya kweli ni ngazi. Wafaransa walikwisha zoea ngazi za kuzunguka ndani ya mnara. Hii yapanda moja kwa moja, kwa namna ya Kitaliani, nayo imefunguliwa ukutani kwa madirisha pacha yanayotazama ua. Hapo zimechongwa salamanda ya mfalme na kicheche mweupe wa Malkia Claude. Nakshi ni nyepesi, ya kupendeza; lakini ni nakshi ya mtumishi ajipendekezaye kwa bwana wake, na haikumfaa kitu. Mwaka 1527 Semblançay, mkuu wa fedha za mfalme na jamaa yake Berthelot, alinyongwa. Berthelot akakimbia, asirudi tena. Kasri likatwaliwa na yuleyule mwenye salamanda, likiwa na mbawa mbili tu, halijakamilika.

Basi wanaolisifu kuwa ni kazi timilifu ya enzi za Mwamko wa Ulaya wamesoma shairi lenye beti za watu wengine. Mnara mmojawapo uliongezwa karne ya 19 na ukoo wa Biencourt, na kioo cha maji kinachopigwa picha mno ni kazi ya karne ya 20, baada ya serikali kulinunua kasri mwaka 1905. Nyongeza hizo si mbaya. Zimetiwa kwa mkono wenye adabu. Ila zimeuficha ule ua ulioachwa wazi, ambako Philippa aliwaacha waashi wakiwa kazini.