Calix: Kikombe au Kalisi?

Kila mseminari amelikuta neno calix katika sarufi yake ya Kilatini: calix, calicis, neno la kiume. Asilichanganye na calyx, ambalo ni neno la Kigriki na maana yake ni ganda la ua. Lakini kosa lililo kubwa zaidi ni kufundisha kwamba calix ni chombo cha dhahabu cha altare tu.

Kwa Warumi wa zamani calix ni kikombe cha kunywea, hasa divai. Tufungue Vulgata. Katika Mateyo 10, 42 calix ni kikombe cha maji baridi anachopewa mdogo. Katika 20, 22 ndicho kikombe wanachoulizwa wana wa Zebedeo kama wanaweza kukinywa. Katika 26, 27 Yezu anakitwaa mezani. Katika 26, 39 anaomba kimwepuke. Neno ni moja, kama vile katika Kigriki neno ni moja, poterion. Basi aliyesikia Kilatini alisikia mateso ya Bwana ndani ya kikombe cha altare.

Kifaransa kimeulinda uhusiano huo: katika maneno ya mageuzo kinasema coupe, na jina la calice kinakiachia chombo. Misale ya Kiingereza ya mwaka 1973 ilisema cup. Ile iliyoanza kutumika mwaka 2011 inasema chalice. Watafsiri walitaka kuheshimu utakatifu wa chombo na kukaa karibu na Kilatini. Nia yao ni njema. Walakini msikilizaji anayesikia cup katika Injili na chalice katika Misa anaweza kudhani ni vitu viwili.

Hatari hiyo iko kwetu pia. Kalisi ni jina zuri la chombo, na Kanisa linataka kiwe cha heshima, kisichonyonya damu takatifu. Lakini mkatekumeni akijua kalisi pekee, atakiheshimu chombo bila kujua anaitwa kunywa nini.

Padri asibadili neno lililo katika Misale iliyokubaliwa na maaskofu. Hilo si shauri lake. Kazi yake, na kazi ya mkatekista, ni kueleza. Waonyesheni watu kalisi, kisha wasomeeni habari ya Getsemani, mkawaambie: kikombe ni kile kile. Anayekipokea altareni asimnyime mdogo kikombe cha maji mlangoni pake.