Kibao Kinataja Wote Isipokuwa Mwenye Deni



Kila mmoja wetu anakijua kile kibao kinachosimama mbele ya kituo cha afya. Kina nembo za wafadhili, jina la mradi, mwaka ulipoanza na mwaka utakapoisha. Mara nyingine chini kabisa, kwa herufi ndogo, wanaandika Wizara ya Afya. Tumekizoea mpaka hatukisomi tena. Leo naomba tukisome, maana naona kinasema ukweli mmoja mkubwa kwa kuunyamazia. Kinatuambia nani alitoa. Hakituambii nani anadaiwa.

Nianze na yaliyonipata. Mwaka 2024 shemeji yangu, mke wa kaka yangu, alishikwa na uchungu wa kuzaa kule mlimani. Tulimbeba kwa kipoyi kama saa nne mpaka barabara ambako motari inaweza kufika. Mungu alisaidia, mama na mtoto wakapona. Lakini wakabaki pale kituoni siku tisa zaidi, si kwa ugonjwa, kwa deni. Kaka akauza mbuzi, kisha simu, kisha akaenda kukopa. Mimi nilimkasirikia muganga aliyekataa kuwaachilia. Nikamwambia, "Muzee, huyu ni mgonjwa ao ni mfungwa?"

Alinijibu bila hasira: "Mudogo wangu, mimi niko mwaka wa saba hapa, bado sijamekanizwa. Mishahara ya Leta naisikia kwa wengine. Nikiacha watu waende bure, dawa ya kesho nitainunua na nini? Na watoto wangu watakula nini?"

Usiku ule sikulala. Nilielewa kwamba pale mlangoni tulikuwa tunagombana maskini wawili, na mwenye deni la kweli hakuwepo. Hakuwa hata kwenye kibao.

Sasa, huyo mwenye deni anajulikana. Ameandikwa. Ibara ya 47 ya Katiba ya 2006 inasema haki ya afya inalindwa. Ibara ya 175 inasema asilimia 40 ya mapato ya taifa ni ya majimbo, na inakatwa palepale inapokusanywa, yaani haipaswi kwanza kusafiri mpaka Kinshasa. Ibara ya 204 inaweka huduma za msingi za afya na upangaji wa waganga katika kazi za jimbo. Mwaka 2001, kule Abuja, viongozi wa Afrika waliahidi kuweka asilimia 15 ya bajeti katika afya. Mwezi wa tatu 2023 ikatoka sheria ya kufungua njia ya afya kwa wote, na mwezi wa tisa mwaka uleule Kinshasa wakaanza kuzalisha mama bure. Habari hiyo kwetu mlimani tuliisikia kwa radio. Shemeji yangu alikuwa amefungiwa kituoni wakati radio ya jirani inaisifu.

Kwa hiyo shida yetu si kukosa ahadi. Tuna ahadi za kutosha kujaza kabati. Katika mambo ya fedha, ile ya asilimia 40 haijatekelezwa kama ilivyoandikwa. Makuta yanapanda kwanza Kinshasa, kisha jimbo linangoja kurudishiwa sehemu, wakati wowote na kwa kiasi chochote. Jimbo likiulizwa, linasema Kinshasa haijatuma. Kinshasa ikiulizwa, inasema kuna vita. Na muganga wa kijijini, aliye wa mwisho katika mstari huo, anamgeukia mama aliyetoka kuzaa.

Najua kuna mtu atasema: ndugu, wewe unaongea bajeti wakati watu wanakimbia mabomu? Ni swali la haki. Vita inaeleza kwa nini dawa haifiki Pinga wiki hii. Haielezi kwa nini muganga anafanya kazi miaka saba bila mshahara. Na vita haijawahi kuzuia mtu kukusanya kodi. Wote wanatukuta vizuri sana. Mwenye kamba barabarani anatukuta, mwenye "lala salama" anatukuta mpaka kitandani. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba M23, baada ya kushika Rubaya mwaka 2024, ilikuwa inapata kama dola 800,000 kila mwezi kwa kutoza coltan. Mimi sichagui hapa nani ana haki ya kutawala wapi. Nasema jambo moja tu: anayejua kuhesabu magunia ya coltan anajua pia kuhesabu vidonge vya malaria. Aliyepokea kodi, awe na kofia gani, amepokea pia swali.

Tatizo letu la pili ni hili: swali lenyewe halina mwenye kuliuliza. Kwa kawaida, Bunge la jimbo ndilo linaloita serikali ya jimbo na kuiuliza fedha zimekwenda wapi. Tarehe 6 mwezi wa tano 2021 hali ya dharura ya kijeshi ilianza Kivu ya Kaskazini, na Bunge letu likasimamishwa. Walisema ni siku 30. Ikaongezwa siku 15, na 15 tena, mpaka tukaacha kuhesabu. Kisha mwezi wa kumi na mbili 2023 nchi ikapiga kura, lakini Masisi na Rutshuru hazikupiga. Hebu fikiri: eneo linalobeba mzigo mkubwa hivi wa vita halikuchagua mbunge wa kusimama na kuuliza. Walikale walipiga kura, lakini Bunge la jimbo ambalo lingepokea hesabu liko kimya.

Katika kimya hicho mashirika yamekuwa serikali yetu ya afya. Siyasemi vibaya. Hospitali ya Masisi imesaidiwa na MSF tangu 2007, na watu wengi tunaowapenda wako hai kwa sababu hiyo. Lakini mfadhili anatoa kwa moyo wake ao kwa mpango wa nchi yake, na siku akiamua kwenda huna mahali pa kumshitaki. Tuliliona mwezi wa kwanza 2025, Marekani iliposimamisha misaada. Karibu asilimia 70 ya msaada wa kibinadamu nchini ulikuwa unatoka kwao. Sahihi moja Washington, na huku kwetu dawa zikaanza kuhesabiwa moja moja. Msaada ukikatika unalia. Haki ikikatika unadai. Sisi tumefundishwa kulia tu.

Na hapa nafika kwetu wenyewe, wahitimu. Sisi ni hodari wa kuandika memo. Tunaandika kwa Rais, kwa Waziri, kwa Umoja wa Mataifa. Tunapiga picha wakati wa kuikabidhi, tunaipandisha kwenye ukurasa, tunapongezana. Mimi mwenyewe nimesaini nyingi. Lakini ni wangapi kati yetu tumewahi kuomba kuona hesabu ya sekta yetu? Kumbe kuna fedha zilizo karibu kuliko Kinshasa. Sheria ya madini ya 2018 inagawanya mrabaha hivi: asilimia 50 kwa serikali kuu, 25 kwa jimbo, 15 kwa sekta ao shefferi madini yanapochimbwa, na 10 kwa mfuko wa vizazi vijavyo. Ile 15 inapaswa kuingia moja kwa moja katika konti ya sekta. Haipiti Kinshasa, haipiti Goma. Kule Bisie, Walikale, mgodi wa kampuni ya Alphamin ulitoa zaidi ya tani 17,000 za bati mwaka 2024. Walikale ina sekta mbili tu, Bakano na Wanianga. Si msitu usioonekana mwisho! Swali la "sekta ilipokea ngapi, na ngapi zilikwenda kwa afya" linaweza kuulizwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili, na karatasi moja.

Kuna mlango mwingine mdogo zaidi. Kila eneo la afya lina CODESA, kamati ya wananchi inayosimamia kituo pamoja na waganga. Wengi wetu tunadhani ni kikundi cha wazee cha kufyeka majani kwenye uwanja wa kituo. Hapana. Ni mahali ambapo mwananchi anaweza kuuliza daftari: mwezi huu dawa ngapi ziliingia, wagonjwa walilipa kiasi gani, nani alilipwa. Kwa nini wahitimu hatumo? Kwa sababu hakuna posho, hakuna semina, hakuna picha. Tusidanganyane.

Najua pia hatari. Kuuliza hesabu penye bunduki si mchezo, na sitamtuma mtu kufanya nisichothubutu mimi. Penye hatari, mtu asiende peke yake. Aende na mama wa parokia, na pasta, na mwalimu, na muganga mwenyewe ambaye pia anadai mshahara wake. Muganga si adui yetu. Katika vita hii ya hesabu, yeye ndiye shahidi wa kwanza.

Mimi nimeanza na kidogo. Niliporudi kijijini niliomba kukaa kwenye mkutano wa CODESA. Mkutano wa kwanza walinitazama tu. Wa pili, muganga yuleyule alileta daftari. Tulilisoma watu sita, kwa mwanga wa simu. Katika safu ya fedha za Leta, miezi kumi na miwili mfululizo, ilikuwa imeandikwa sifuri. Sifuri kumi na mbili, kwa mwandiko mzuri. Muzee mmoja wa kamati akauliza, "Hii sifuri, nani aliisaini?"

Hakuna aliyejibu, na ndilo swali ninalowaachia. Tuweke kibao cha pili pembeni ya kile cha wafadhili, hata cha ubao na mkaa: Leta ilipaswa kutoa nini, imetoa nini, nani anajibu. Mtoto wa kaka yangu sasa anatembea. Siku atakapojua kusoma, nataka akute jina la mwenye deni limeandikwa hapo, na si la baba yake.