Marufuku Iliyosubiri Asubuhi

Asubuhi ya Ijumaa, Desemba 23, 2022, Mark Poloncarz, mkuu wa kaunti ya Erie, alipiga marufuku magari barabarani kuanzia saa tatu u nusu, na tangazo lenyewe likatoka chini ya saa moja kabla ya hapo, hali watu wengi wa Buffalo, mji wa kaunti hiyo katika jimbo la New York, wamekwisha kufika kazini na dhoruba ya theluji i mlangoni. Watabiri wa hali ya hewa walikuwa wameonya siku kadhaa mbele. Wao hawana lawama.

Udhuru ulikuwa kwamba wafanyakazi wa zamu ya usiku waachiwe warudi makwao. Udhuru huo una huruma illa hauna hesabu, kwani aliyemhurumia mtu wa usiku alimsahau wa alfajiri, ambaye aliamka, akatazama simu, asione amri, akaenda. Nimesema hata wasomaji wamechoka, ya kuwa msimamizi wa ghala hafungi lango kwa nasaha. Tahadhari za Alhamisi zilimwachia kila tajiri uamuzi wake, na tajiri aghalabu huamua kwa faida, wala kibarua wa kulipwa kwa saa, wakiwamo wenzetu waliotoka Kongo na Burundi, hana hoja ya kumkabili nayo. Marufuku ndiyo hoja yake: ingalitoka usiku wa Alhamisi, tamko moja lingaliamua kwa niaba ya maduka, viwanda na ofisi zote pamoja. Mjini pekee walikufa watu 31, baadhi yao ndani ya magari.

Na njia aliijua: Novemba 17 ya mwaka huo huo, mkuu huyo huyo alifunga barabara tangu saa tatu usiku; kazi safi.

Amri ya wazi si jambo jipya mjini: Jimmy Griffin, meya wa Buffalo katika dhoruba ya 1985, aliwaambia raia wakae ndani na bia zao sita, watazame mpira. Waungwana walimcheka, nami bia siijui, lakini kauli ile ilimfikia kila mtu na kumwambia pa kukaa, jambo ambalo mikutano ya siku hizi, yenye safu ya wakuu nyuma ya kipaza sauti, hailiwezi. Katika mkutano wa namna hiyo, baada ya Krismasi ya 2022, Poloncarz aliiita kazi ya mji, chini ya Byron Brown aliyekuwa meya wakati huo, aibu mbele ya waandishi, kisha akaomba radhi.

Amri ya mapema inawezekana: Januari 13, 2024, marufuku ya magari katika kaunti hiyo ilianza saa tatu usiku, na mchezo wa timu za mpira wa Kimarekani, Bills na Steelers, ukasogezwa hadi Jumatatu.